Bharta ya bilinganya: mbona yangu inatoka chungu na majimaji? Wenye ujuzi njooni

#1 Kijana_wa_Ilala
Wakuu, habari za jioni. Huu mwaka wa nne tangu nirudi kutoka Pune, India, nilikosoma. Marafiki nawakumbuka, chuo nakikumbuka, lakini kinachonitesa hasa ni bilinganya.

Mama mwenye nyumba tulikuwa tunamwita kaku, ndiyo shangazi kwa Kimarathi. Kwao Jalgaon, kaskazini ya jimbo la Maharashtra. Kila Jumapili harufu ilikuwa inanitoa kitandani, nikishuka jikoni naikuta bilinganya moja nene imelazwa juu ya moto wa gesi, bila sufuria, bila wavu. Anaigeuza kwa kushika kikonyo. Ganda jeusi tii, limekunjamana, maji yanachuruzika karibu na kikonyo na kulia tsss yakigusa moto. Mwisho yote inalala kama mpira uliotoka upepo. Anamenya, anaponda, anatia kitunguu cha majani, pilipili mbichi, saumu, kotmiri na karanga za kukaanga. Tunakula na bhakri, ule mkate wao wa mtama. Yeye aliita bharit, Wahindi wengine wanasema bharta.

Nimejaribu mara tatu hapa nyumbani. Mara ya kwanza nilichemsha (chekeni tu). Mara ya pili nilitumia oveni ya jirani, ikapasuka. Mara ya tatu nimechoma kwenye gesi, rangi imetoka vizuri, ila ni CHUNGU, chini ya sahani kuna maji, na ule moshi haupo kabisa. Nilitumia bilinganya 2, kitunguu maji 1, nyanya 2, saumu punje 4, tangawizi, pilipili 2, bizari kijiko kimoja cha chakula, chumvi na mafuta ya alizeti. Nakosea wapi?

#2 mtazamaji255
Nimeweka kiti mstari wa mbele.

#3 Mama_Twins
Uchungu ni kwa sababu hukuiloweka kwenye chumvi. Kata, nyunyiza chumvi, acha nusu saa, utaona yanatoka maji ya kahawia. Hayo ndiyo machungu yenyewe. Mimi sijawahi kupika bilinganya bila chumvi na sijawahi kula iliyo chungu.

#4 MzeeWaShamba
Dada namba 3, chumvi ni kwa ya kukaanga. Hii inachomwa nzima, utainyunyizia wapi? Isitoshe kazi kubwa ya chumvi ni kuipunguzia ulafi wa mafuta. Nyama ya bilinganya ni kama sifongo, imejaa hewa. Chumvi inavuta maji, vile vitundu vinalala, ukiitia kwenye karai hainywi mafuta yote.

Uchungu unatoka kwenye tunda lenyewe. Mimi nalima. Bilinganya ikikaa sana mtini inafifia mng'ao, mbegu zinageuka kahawia na kukomaa, hapo ujue ni chungu. Ukiwa sokoni bonyeza na kidole gumba: ikirudi haraka ni changa, ikibaki na shimo imezeeka. Kikonyo kiwe kijani kibichi. Halafu chukua mbili za ukubwa sawa uzipime mkononi, uchague nyepesi, maana nzito mara nyingi ina mbegu nyingi.

#5 fundi_gesi
Mzee umesahau jambo moja. Kuna bilinganya dume na bilinganya jike. Igeuze utazame kitako: yenye alama ya duara ni dume, mbegu chache, na yenye alama ndefu kama mfereji ni jike, mbegu tele. Nunua dume tu.

#6 MzeeWaShamba
Hiyo naisikia kila siku gulioni. Fundi, tunda halina dume wala jike. Ua la bilinganya lina viungo vya kiume na vya kike humo humo, na mti mmoja unakupa vitako vya kila aina. Ile ni kovu tu la mahali ua lilipodondoka.

#7 fundi_gesi
Sawa mzee, ila mimi nanunua dume na sijapata chungu.

#8 Nyali_Boy
Hebu turudi nyuma kidogo. Ilipasuka vipi kwenye oveni? Jamaa kapita haraka sana hapo.

#9 Kijana_wa_Ilala
Nilijua nitaulizwa. Niliitia nzima, nikafunga mlango, nikakaa sebuleni na shemeji tunatazama mpira. Dakika ya ishirini na kitu tukasikia PAA. Kufungua, ganda liko kwenye dari ya oveni, nyama imetapakaa mpaka kwenye taa, na mbegu zimeganda kama mchanga. Nimefuta ile oveni siku mbili. Sasa nikimsalimia jirani anaitikia akiwa ndani.

#10 Mhindi_wa_Tanga
Pole sana ndugu yangu. Mimi ni Mgujarati, nimezaliwa Tanga, sasa niko Leicester miaka mingi, ila Kiswahili hakijanitoka. Nyumbani kwetu chakula hiki tunakiita ringan no oro. Ringan ndiyo bilinganya.

Kwanza, lazima uitoboe kwa uma au kisu kabla ya kuichoma. Mvuke ukikosa pa kutokea unavunja nyumba. Mama yangu alikuwa anaichanja mara nne, kila mchanjo anachomeka punje ya saumu, ndipo anaipaka mafuta. Saumu inaiva humo ndani na harufu inaingia.

Pili, ikitoka motoni usiimenye hapo hapo. Itie kwenye bakuli, funika dakika kumi, ganda litaachia lenyewe.

Tatu, na hili ndilo nataka kukuuliza: ulipomenya, uliisuuza?

#11 Kijana_wa_Ilala
Ndiyo. Chini ya bomba. Ilikuwa na masizi meusi.

#12 Mhindi_wa_Tanga
Basi moshi wako uko kwenye karo. Mama angekupiga na mwiko. Lowesha vidole, toa masizi kwa vidole, vyeusi viwili vitatu vikibaki si kitu. Ukiifungulia bomba umemwaga moshi na umekaribisha maji.

#13 mtazamaji255
Mtu anachoma nusu saa halafu anaosha. Huyu jamaa angekaanga samaki angemwogesha na sabuni.

#14 Bi_Mkubwa_Vuga
Mwanangu wa Ilala, mie nina suali. Umeandika "bizari kijiko kimoja cha chakula". Bizari ipi? Kwetu Unguja ukisema bizari mtu atakuuliza ya mchuzi au ya pilau. Ya pilau ndiyo uzile. Wewe ulitia ipi?

#15 Kijana_wa_Ilala
Mama, shikamoo. Nilimwambia muuza viungo "nipe bizari", akanipimia unga wa njano.

#16 Bi_Mkubwa_Vuga
Marahaba. Yakhe, hayo ni manjano! Umetia kijiko kizima cha manjano katika biringani mbili! Hapo hata ungekuwa unapika sukari ingetoka chungu. Manjano ni ncha ya kijiko. Ulichotakiwa kutia ni uzile, nzima, kwenye samli ya moto mpaka iruke ruke.

#17 Nyali_Boy
Mombasa tunaiita jira, na muuza duka akisikia jira hakosei. Tatizo lenu ni hilo neno bizari, kila mtu na lake.

#18 Karanga_Mbichi
Huku bara ukisema binzari tupu unapewa ya njano, hiyo iko wazi. Ukitaka ile nyingine unasema bizari nyembamba. Muuza duka hana kosa.

#19 MzeeWaShamba
Manjano kijiko kizima ni nyingi, sibishi. Ila mtu akila kitu chenye manjano mengi husema kina ladha ya udongo. Mleta uzi, uchungu wenyewe ulikuwa wa namna gani? Wa mwanzo ulimi ukigusa, au unakuja baada ya kumeza?

#20 Kijana_wa_Ilala
Baada ya kumeza, mzee. Unabaki nyuma ya ulimi.

#21 MzeeWaShamba
Mbegu.

#22 Bi_Mkubwa_Vuga
Manjano.

#23 Mama_Twins
Chumvi jamani.

#24 Chuo_Hyderabad
Mimi niko Hyderabad hadi sasa. Naongeza la nne: saumu. Ukitia saumu kabla ya kitunguu kwenye mafuta ya moto inaungua kwa sekunde chache, na saumu iliyoungua ni chungu kuliko dawa ya malaria. Ilinitokea hosteli, tukalaumu bilinganya bure.

Halafu kuhusu maji: umesema kaku alitia kitunguu cha majani, karanga na pilipili. Nyanya hukuitaja kwake, ila kwenye orodha yako zipo 2. Umezitoa wapi?

#25 Kijana_wa_Ilala
Kwenye video.

#26 Chuo_Hyderabad
Basi umeoa vyakula viwili. Video nyingi ni za bharta ya Kipunjabi. Wale wanatia nyanya, lakini wanaikaanga na kitunguu na tangawizi hadi mafuta yajitenge pembeni ya karai, ndipo bilinganya inaingia. Ukiitia nyanya ikiwa nusu mbichi, maji hayo hapo. Ya kwao kaku, upande wa Khandesh, haina nyanya kabisa. Nina rafiki wa huko, anasema shambani wanachoma kwa moto wa mabua makavu ya pamba, maana pamba ndilo zao lao, kisha wanaponda kwenye chombo cha mbao. Na bilinganya ya Jalgaon ina hati yake ya kutambuliwa kwa mahali inapotoka, kama chai ya Darjeeling. Ilisajiliwa 2016.

Huku Hyderabad ndiyo hawapondi kabisa. Wana bagara baingan: vibilinganya vidogo vinapasuliwa msalaba bila kukata kikonyo, vinakaangwa, halafu vinazama kwenye mchuzi mzito wa karanga, ufuta, nazi kavu na ukwaju, pamoja na majani ya kari. Vinaliwa na biriani. Ukishakula hicho utaisahau bharta.

#27 Kijana_wa_Ilala
Siisahau ng'o. Ila picha weka.

#28 Maskati_Kwetu
Assalaam alaykum. Mimi niko Maskati. Huku tunachoma vile vile, ila baada ya hapo inakwenda kwenye ufuta wa kusaga na ndimu, inakuwa motabal. Katika gesi moshi ni mdogo, hilo lijulikane. Gesi inaunguza ganda, lakini mkaa ndio unaotia moshi. Kama huna jiko la mkaa kuna hila ya Wahindi wenyewe wanaiita dhungar. Pasha kipande kimoja cha mkaa kiwe chekundu, kiweke kwenye kibakuli kidogo cha chuma, kisukume katikati ya chakula kilichokwisha iva, dondoshea samli tone mbili, moshi ukipanda funika dakika tano. Usizidishe.

#29 Bi_Mkubwa_Vuga
Yaani chakula kinafukizwa kama nguo za biharusi! Mwanangu, kama unacho chetezo kazi imekwisha, ila usitie udi.

#30 fundi_gesi
Na msifanye hayo ya mkaa ndani mkiwa mmefunga madirisha. Hewa ya mkaa inaua watu usingizini. Nasema kama fundi.

#31 Mhindi_wa_Tanga
Fundi kasema kweli kabisa.

Naongeza kwa mleta uzi: kwenye samli ya moto, pamoja na uzile, sisi tunatia mvuje kidogo sana, kama kichwa cha kiberiti. Kule Saurashtra walikotoka babu zangu oro ni chakula cha majira ya baridi, wakati saumu changa zikiwa na majani yake ya kijani. Inaliwa na rotlo wa uwele, kipande cha sukari guru pembeni, na bilauri ya mtindi mwembamba. Tanga mama alitumia unga wa uwele kutoka Dodoma. Hapa Leicester bilinganya nanunua Belgrave Road, zinang'aa kama viatu vya askari, lakini ladha yake nusu ya zile za Tanga. Labda ni mimi nimezeeka.

#32 Mama_Twins
Mvuje? Si ndio ule wa kuwafungia watoto wachanga wasiingiliwe na mashetani? Bibi yangu alinifunga mkononi, shule nzima hakuna aliyekaa karibu nami.

#33 Mhindi_wa_Tanga
Huo huo. Mbichi unanuka, kwenye samli unageuka, unatoa harufu kama ya kitunguu kilichokaangwa.

#34 Nyali_Boy
Kwa hiyo mashetani ya pwani hayapendi chakula cha Kigujarati.

#35 Karanga_Mbichi
Swali la pembeni: kwa nini Bi Mkubwa anasema biringani na sisi bilinganya?

#36 Maskati_Kwetu
Biringani iko karibu na Kiarabu, badhinjan.

#37 Chuo_Hyderabad
Na bilinganya iko karibu na Kireno, beringela. Lakini Wareno wenyewe walilipata kwa Waarabu, Waarabu kwa Waajemi, na Waajemi linakotoka ni Bara Hindi. Kwa hiyo neno limezunguka dunia likarudi kwenye dau lile lile lililoleta viungo.

#38 Karanga_Mbichi
Kwa hiyo Mreno au Mwarabu?

#39 Bi_Mkubwa_Vuga
Biringani ndiyo sahihi.

#40 MzeeWaShamba
Mkishamaliza lugha, niwape la shambani. Adui mkubwa wa bilinganya ni yule funza anayetoboa tunda na machipukizi. Wahindi walitengeneza bilinganya ya Bt, yaani iliyotiwa kijeni cha bakteria ili kumzuia, serikali yao ikaisimamisha Februari 2010 baada ya mabishano makubwa. Majirani zao Bangladesh wakairuhusu 2013. Nasema hivi kwa sababu mtu akikata bilinganya akakuta tobo dogo jeusi na njia ya kahawia ndani, hiyo sehemu aitupe. Nayo inaharibu ladha. Mleta uzi, ya kwako uliipasua ukatazama ndani kabla ya kuichoma?

#41 Kijana_wa_Ilala
Hapana mzee. Sasa mmenipa sababu sita. Ngoja Jumamosi nirudi jikoni, nitaleta mrejesho.

#42 mtazamaji255
Jirani aondoe oveni.

#43 Kijana_wa_Ilala
MREJESHO, kama nilivyoahidi.

Nilinunua moja tu, changa, nyepesi, nimeibonyeza mpaka mama muuzaji akaniuliza kama nanunua au naitibu. Nikaipasua mara moja kwa urefu bila kuitenganisha, ndani safi, hakuna funza. Nikaichanja, nikachomeka saumu kama alivyosema Mhindi wa Tanga, nikaipaka mafuta. Jiko la mkaa, nje, uani. Dakika kama ishirini na tano nikigeuza kwa koleo. Ilipolala nikaifunika kwenye bakuli, nikamenya kwa vidole, bila bomba. Halafu nikaiweka kwenye chujio nusu saa. Wakuu, yametoka maji ya kahawia yanayojaa kikombe cha kahawa! Kwa bilinganya moja!

Nyanya sikutia. Manjano sikutia. Uzile kijiko cha chai kwenye samli, ukaruka ruka kweli, mmoja ukanipata shavuni. Kitunguu kikatangulia, tangawizi ikafuata. Saumu ile iliyoiva ndani nikaiponda pamoja na nyama. Kitunguu cha majani, pilipili mbichi za kutwanga, karanga, kotmiri.

Moshi upo. Shemeji alikuja kuuliza nani anachoma nini. Maji hakuna kabisa, inasimama kwenye sahani. Lakini uchungu... umepungua sana, ila upo. Kidogo tu, nyuma ya ulimi, baada ya kumeza.

#44 Bi_Mkubwa_Vuga
Nilisema manjano.

#45 MzeeWaShamba
Manjano hakutia na uchungu bado upo, Bi Mkubwa. Kuchagua changa ndiko kulikopunguza.

#46 Mama_Twins
Yale maji ya kikombe ndiyo yaliyotoka na uchungu. Kwa chumvi yangetoka yote.

#47 Chuo_Hyderabad
Mkuu umebadilisha vitu saba kwa mpigo, hapo hakuna atakayejua kipi kimekuponya. Nami nauliza: una hakika ya kaku haikuwa na uchungu huo huo kidogo? Ganda lililoungua lina uchungu wake. Huenda ndio unaoupenda.

#48 Kijana_wa_Ilala
Hilo limenipiga. Nimemwandikia binti yake WhatsApp sasa hivi nimuulize.

#49 Nyali_Boy
Binti yake. Haya, sasa tumeelewa miaka minne ya bilinganya.

#50 Kijana_wa_Ilala
Ameolewa, ana watoto wawili, tulieni.

Amejibu. Nimemtumia na picha ya niliyonunua. Amecheka. Anasema: "Mbona ya zambarau? Mama hakutumia hiyo kwa bharit hata siku moja. Yetu ni ya kijani, kubwa, inaletwa kutoka kwetu." Wakuu, miaka yote ile sikuwahi kujua, maana nilikuwa nikishuka jikoni naikuta imeshakuwa nyeusi!

#51 mtazamaji255
Uzi uanze upya.

#52 Karanga_Mbichi
Za kijani nimewahi kuziona soko la Kisutu, kwa wale wauza mboga za Kihindi. Ndefu kidogo, zina michirizi myeupe.

#53 fundi_gesi
Hizo si ngogwe zilizonenepa?

#54 MzeeWaShamba
Ngogwe ni mmea mwingine, fundi, ndiyo nyanya chungu yetu ya Afrika. Ni ndugu na bilinganya, ila jina lake lenyewe linakwambia. Bilinganya za kijani zipo, mbegu zake zinauzwa. Kijana aende Kisutu akatazame kikonyo, cha bilinganya kina vijimiba.

#55 Kijana_wa_Ilala
Jumamosi naenda Kisutu. Mkaa ninao, samli ninayo. Anayetaka kuonja aje na chapati, bhakri imenishinda.

#56 Mama_Twins
Nakuja na chapati. Na chumvi.